Mama Alipofunga Injini ya Babu

Gundi ya kufungia injini hunuka siki. Juzi nilikuwa nikipita nyuma ya stendi ya Kasulu, kwenye vibanda vya mafundi wa pikipiki, harufu hiyo ikanipata nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Fundi mmoja akaniuliza kama nina shida. Nikamwambia sina. Kumbe nilikuwa nimesharudi Kibondo, kwenye baraza yetu ya saruji, nimechuchumaa mbele ya Mama, mikono myeusi kwa oili hadi kwenye viwiko.

Nilikuwa bado shule ya msingi, madarasa ya chini. Baba alikuwa mwalimu, mtu wa Singida, na mwaka ule walimhamishia Nyabibuye, kule karibu na mpaka. Sisi tulibaki kwa sababu Mama alikuwa muuguzi pale mjini. Mwanzoni Baba alikuja kila Ijumaa, karanga mfukoni, vumbi jekundu kwenye nyusi. Baadaye akawa anaruka wiki. Mwisho akaacha kabisa. Mama akimtumia ujumbe kwenye simu, haujibiwi. Akimpigia, Baba anasema kazi zimemzidi, wataongea, halafu anakata.

Jirani yetu hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Mawe, Sikola!" alimwita Mama kwa jina, ile "mama wee" ya Kiha ikipanda na kushuka, kiganja kimefunika mdomo. "Mwanamume haachi kwake hivihivi. Yuko anayempikia."

Mama aliinuka. Aliingia stoo, akasogeza magunia ya maharage, akaikokota nje pikipiki ya babu. Babu, yaani baba yake, aliitumia miaka mingi kule Mabamba kubebea ndizi na wagonjwa, na Mama akiwa msichana ndiye aliyemsaidia kuitengeneza. Babu alipofariki ililetwa kwetu, nayo haikuwa imenguruma tangu siku hiyo. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha, na oili ilivuja kila mahali.

"Si upande gari tu, dada?" aliuliza mama mdogo Adela, mdogo wake Mama, ambaye tuliishi naye.

"Gari linakwenda siku ya gulio na kurudi kesho yake. Nitalala wapi? Nikamwombe huyo mwanamke mkeka?" Mama alikuwa akifungua nati kwa hasira hadi spana ikateleza na kumchubua. "Hii ikiwaka tu, naondoka."

Mimi nilikuwa mlangoni. Yale ya gari na mkeka yalinipita. Nililolishika ni hilo la mwisho, na nikalielewa kitoto: Mama anatuacha.

Basi hebu fikiria hali yangu, maana kazi ile ilihitaji vidole vyembamba, na vidole vyembamba pale nyumbani vilikuwa vyangu. Mama alikwangua mabaki ya gasketi kuukuu, ile karatasi ya kuziba kiungo cha injini, kwa wembe, taratibu, asikwaruze chuma. Mimi nikafuta kwa kitambaa chenye petroli hadi kikang'aa. Gasketi mpya aliikata mwenyewe: alitandaza karatasi ngumu juu ya mdomo wa injini na kuigongagonga kwa nyundo ndogo pembezoni, ikakatika ikiwa na umbo lilelile, na matundu ya bolti yote. Wakati wowote mwingine ningeshangilia. Siku hiyo nilitazama kila kipande kikirudi mahali pake, nikihesabu vilivyobaki.

Kilipofika kipande cha silinda aliniambia, "Zibane ringi, Neema. Zibane zote, usiachie mpaka niseme." Nikazibana kuizunguka pistoni huku yeye akiishusha silinda polepole juu yake, mpaka nikahisi chuma baridi kikinigusa kucha. "Achia." Pistoni ikazama ndani kwa mlio laini kama wa mtu anayemeza mate. Mama akatabasamu, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Bolti zilikazwa kwa kupishana, hii kidogo, ya upande wa pili kidogo. Kilichobaki kilikuwa kungoja gundi tuliyopaka kwenye kiungo ikauke mpaka kesho yake, na kungoja ndiko Mama hakukuweza. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Aligusa gundi kwa kidole, akaenda jikoni, akarudi akagusa tena. Kabla jua halijashuka alimimina oili, na oili ikachungulia kwenye kiungo, uzi mwembamba wa kahawia, ukatiririka hadi sakafuni.

Mama aliketi chini palepale, miguu ameinyoosha. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alisema kwa sauti ndogo, "Niifungue tena," akafungua tena. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Safari ya pili alingoja. Asubuhi yenye ukungu alipiga kiki, ikakohoa. Akapiga tena na tena, mara ikanguruma na kuku wakatawanyika. Nikaushika upindo wa kitenge chake kwa mikono miwili.

"Una nini wewe?"

"Ulisema ikiwaka unaondoka."

Akainama, akanishika mashavu kwa mikono yenye oili. "Naenda kumleta baba yako, au kumwacha hukohuko. Kwa vyovyote leo nalala hapa. Umesikia?"

Nilishinda barabarani siku nzima. Adela aliniletea ugali, nikaushindwa. Jua lilikuwa limeinama niliposikia ule mngurumo, na juu ya pikipiki walikuwa wawili. Baba alikuwa amekonda, amemkumbatia Mama kiunoni kama mtoto. Aliposhuka, mguu wake ulitafuta ardhi kwanza, ndipo akakanyaga.

"Neema yuko wapi?" aliuliza.

Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Sukari ndiyo iliyokuwa imemla macho. Ujumbe wa Mama hakuweza kuusoma, na aliona aibu kumpa mwanafunzi amsomee maneno ya mkewe. Alijua njia ya darasani kwa mazoea, akaogopa kuachishwa kazi, akaogopa zaidi kuja nyumbani tukamwona. Kwa matibabu jicho moja lilirudi kiasi, akaendelea kufundisha, mimi nikawa namsomea magazeti.

Kwa miaka mingi nilidhani Mama siku ile alirudi na ushindi, kwa kuwa maneno ya jirani yalikuwa uongo. Nilipokuwa mtu mzima, nina ndoa yangu, nikamwuliza alijisikiaje alipogundua kwamba hakuna mwanamke.

Aliendelea kuchambua maharage.

"Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke," alisema. "Nikafungua mlango, nikamkuta baba yako anapapasa ukuta, anatafuta kiberiti. Mwanangu, nilitamani sana huyo mwanamke awepo."