Soseji ya Wagomaji

Mimi, bwana harusi mtarajiwa, ndiye niliyetangaza kwenye runinga kwamba ndege yangu mwenyewe hairuki. Usicheke kwanza.

Ilikuwa Alhamisi, uwanja wa ndege wa Brussels. Naoa Jumamosi, Tampere, Finland. Wapakia mizigo wamegoma, safari zote zimefutwa.

Nje mvua, tumboni njaa. Na pale mlangoni wagomaji wanachoma soseji, moshi unanijia puani makusudi!

"Soseji ni za wagomaji tu," mama mmoja, Godelieve, akaniambia. Akanitazama, akanihurumia. "Haya mwanangu, vaa hili koti ule upesi."

Koti jekundu la chama chao. Nikalivaa chap.

Ndiyo kwanza nang'ata, kamera hii hapa usoni.

"Mtarudi kazini lini?" mwandishi akauliza.

Mdomo umejaa. Wagomaji wote wananikodolea macho. Nikaropoka: "Hatutoki hapa mpaka kieleweke!"

Weee! Vigelegele, filimbi, mabegani nikabebwa.

Jioni simu ikaita. Mchumba wangu, Aino.

"Joost! Umeonekana kwenye habari huku! Yaani wewe ndiye unayezuia harusi yetu?"

"Mpenzi, mimi nilifuata soseji tu..."

"Utajua mwenyewe. Baba huyu hapa."

Mzee Reijo kafanya kazi kiwanda cha karatasi maisha yake yote, na kagoma mara nyingi kuliko alivyokwenda likizo. Mimi, kwa kuwa nafanya kazi ofisini, ananiita "kijana wa kiyoyozi". Alishasema harusini haji, na Aino alikuwa akilia kila siku kwa ajili hiyo.

"Kijana," akasema. "Nimekupatia kiti, ndege ya usiku, uwanja mdogo ulio jirani nanyi. Vua koti uje."

 

Nikamwangalia Godelieve. Ananipakulia soseji nyingine, anawasifia wenzake jinsi nilivyowasemea. Nitawatorokaje watu hawa, na chakula chao bado hakijashuka?

"Baba, nisamehe. Wamenilisha, siwezi kuwakimbia. Mwambie Aino nakuja, hata kwa miguu."

Akakata simu.

Nikajua nimekwisha. Nililia jamani, nikasingizia vitunguu vya soseji.

Mgomo uliisha Jumapili. Nikatua Tampere nikiwa tayari kufukuzwa. Aino akanichapa na mkoba kwanza, ndipo akanikumbatia. Nyuma yake Mzee Reijo, kapiga suti.

"Harusi tumeisogeza, ni kesho," akasema. "Nakuja."

"Na kile kiti, baba? Kilipotea bure?"

"Kiti gani? Siku ya mgomo nani atakupa kiti?" Kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka. "Nilitaka kujua binti yangu anaolewa na mtu wa kubaki au wa kukimbia."



Funzo, ndugu zangu mnaokwenda kuoa: baba mkwe akikufokea, tulia tu. Akianza kukufanyia wema ghafla, hapo sasa fungua macho!