Maman Ghislaine na Sarafu za Ulrich

Pale Muhumba, Maman Ghislaine alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyempa wala kumlipa: kupatanisha watu. Mume akigombana na mke, jirani akisogeza ua kwenye kiwanja cha jirani, walipita kwake kwanza, polisi baadaye. Aliongoza shirika lao, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa inayosali nyumba kwa nyumba, na kusema kweli kazi hiyo aliijua. Hukutoka kwake mpaka umeshikana mkono na adui yako.

Sasa huyo Ulrich alikuwa mtoto wake wa ubatizo. Kijana alisoma, akavaa viatu vya ncha, akafungua ofisi mjini na kuuza sarafu za kwenye simu alizoziita Sarafu ya Ziwa. Wekeni pesa, alisema, zitazaa zenyewe. Watu wa shirika wakaweka. Papa Zagabe, mwalimu mstaafu, aliweka pesa za kumpasulisha mkewe uvimbe wa tumbo. Mwanzoni zilizaa kweli, wee, watu wakachekelea! Halafu programu ikazimika, na ofisi ikafungwa kufuli.

Papa Zagabe akavaa koti aende kushtaki kwenye parke, kwa mwendesha mashtaka. Maman Ghislaine akamkuta mlangoni.

"Papa Zagabe, huyu mutoto mi njo nilimushika ku batizo. Tusimupeleke ku parke. Tutamaliza mambo hapa ku shirika."

"Na akikimbia?"

"Hawezi kukimbia miye."

Ulrich akaja kweli, na hilo ndilo lililowamaliza. Alipiga magoti mbele ya wote, akalia kamasi na machozi, akaomba muda auze kiwanja chake cha Kavumu awalipe. Wakamshika mkono, mmoja mmoja. Papa Zagabe alimshika wa mwisho, huku akitazama pembeni. Wiki haijaisha, mshenzi yule akavuka mpaka. Kiwanja alikuwa ameshakiuza zamani.

Safari hii mashtaka yakafika, lakini mwizi hakuwepo, kwa hiyo akakamatwa Maman Ghislaine: eti alimficha ili apate kukimbia. Wakili wake hakumficha kitu. Papa Zagabe akisema mbele ya hakimu kwamba mama huyu naye alidanganywa, atarudi nyumbani. Akisema vingine, ni gereza. Maman Ghislaine aliogopa sana, maana alijua amemkosea nini yule mzee.

Siku ya kesi Papa Zagabe aliingia amevaa nguo nyeusi. Huko mahabusu hakuna aliyekuwa amemwambia mama kwamba mke wa mzee amezikwa. Aliona zile nguo, akaelewa.

"Huyu maman alijua Ulrich atakimbia?" hakimu akauliza.

"Hapana, mukubwa. Hakujua. Alimuamini, sawa vile sisi wote."

Wakili akatabasamu. Papa Zagabe hakukaa.

"Bibi yangu aliniuliza mpaka siku ya mwisho kama pesa ya operesheni imerudi. Nilimuambia Maman Ghislaine njo anashugulikia. Akasema basi, kama ni Ghislaine, tungoje."

Maman Ghislaine aliachiwa huru siku ileile. Aliambiwa anaweza kwenda kwake, lakini aliendelea kukaa palepale kwenye benchi, mpaka polisi akaja kumwinua.