Mkuu wa Madirisha

Asubuhi hizi ngazi za nyumba yetu zimetulia. Hakuna viatu vinavyosimama mbele ya kila mlango, wala ile sauti kavu ya kuuliza kama tumefungua madirisha.

Sauti hiyo ilikuwa ya Ottmar Brüggen. Miaka thelathini alikagua tiketi za treni hapa Wuppertal, Ujerumani. Alipostaafu akakosa wa kumkagua, akaanza kukagua pumzi zetu. Mwenye nyumba alimpa kipimo kidogo cha unyevu, naye akakivaa shingoni kama nishani.

Huku madirisha hufunguliwa wazi dakika tano asubuhi na tano jioni ili unyevu utoke, hata theluji ikianguka. Hakuna kwetu anayebishana na hilo. Brüggen aliigeuza desturi hiyo kuwa cheo. Alikuwa na daftari lenye kila mlango, na alama nyekundu kwa wakosaji. Mimi nilipata yangu kwa kukaanga vitunguu.

Roswitha Piel, mshonaji mjane, anaishi chini kabisa. Chumba chake cha kulala kimechimbiwa mlimani, na ukutani kuvu nyeusi ilikuwa imeanza kutambaa. Mwenye nyumba akamwandikia kwamba kosa ni lake, hapitishi hewa; ukuta usipokauka kufikia mwisho wa Septemba, ahame. Alikuwa amekaa humo miaka ishirini na sita.

Brüggen akaamuru dirisha la chumba kile likae wazi kutwa, kiangazi chote. Alipita asubuhi na jioni kuhakikisha. Mama wa watu alitii, na kuvu ikazidi.

"Bi Piel, nikigeuka tu unafunga."

"Bwana Brüggen, hata pazia nimeling'oa. Nifungue nini tena, paa?"

"Kipimo hakidanganyi."

Kweli hakikudanganya. Kila siku namba ilipanda mbele ya macho yake, na kila siku aliona kosa la mwanamke.

Mwezi Agosti chama cha wapangaji kilimtuma mpimaji wake, Gesine Tormann, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Alipima baridi ya ukuta, kisha joto na unyevu wa nje. Akauliza nani aliyeamuru dirisha liachwe wazi. Brüggen akaleta daftari kwa fahari: siku sabini na mbili, kila moja na saini yake. Gesine alilisoma lote akiwa amesimama.

"Aliyeulowesha ukuta huu ni wewe," alimwambia.

Akaeleza kwamba hewa ya kiangazi hubeba maji, na ikigusa ukuta baridi huyaacha pale, kama chupa ya bia inavyotoka jasho ikitolewa kwenye friji. Chumba cha namna hiyo hufunguliwa alfajiri tu, kukiwa bado na ubaridi, kisha hufungwa. Brüggen akasema bibi zetu wote walifungua vyumba vya chini kiangazi kizima.

"Na kuta zao zilioza," alisema Gesine.

Hakuna aliyecheka. Sote tulikuwa tukifanya vivyo hivyo. Tofauti yetu ni kwamba hatukuwa na daftari.

Nakala ya kurasa zile ilitosha kumwonyesha mwenye nyumba kosa lilikuwa la nani. Barua ya kuhama ilifutwa, mafundi wakakwangua ukuta, na Bi Piel akabaki na chumba chake. Brüggen hakumwomba radhi. Alisema yeye alitumwa tu.

Sasa anaishi mji wa jirani, Remscheid, kwa dada yake, ghorofa ya tatu, mbali na ukuta wowote uliochimbiwa mlimani.