Kadi za Kijino

Jina la Bi Mihuri alilipata kazini. Miaka mingi alikaa ofisini nyuma ya kidirisha chenye nondo, akigonga mihuri kwenye makaratasi ya watu: imepokelewa, imekataliwa, imekataliwa. Walipomstaafisha alirudi nyumbani na mkono wa kulia usiojua kutulia. Hata akila, kidole kilikuwa kinagonga meza.

"Mazoea yana taabu," alimwambia wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake, ambaye aliishi naye.

"Taabu ni yangu mimi ninayekusikiliza," wifi akajibu. "Tafuta kitu ugonge, kabla sijakugonga mimi."

Ndipo akachukua soli ya ndala iliyokatika ukanda, akachonga ua kwa wembe, akaligundisha kwenye kipande cha ubao. Akalibonyeza kwenye pedi ya wino mwekundu, kisha kwenye karatasi ya manila aliyoikunja katikati. Wifi yake akaitazama kadi ile, akainamisha kichwa huku na huku.

"Hili ni ua, au jongoo aliyekanyagwa?"

Walicheka hadi machozi. Lakini la pili lilikuwa ua kweli, na la tatu lilikuwa na umande. Haukupita muda mrefu, majirani wakaanza kuagiza: kadi za harusi, za pole, za kumpongeza aliyefaulu. Chumba cha mbele kikawa karakana. Meza ilikaa dirishani, ikitazama kichochoro. Kamba ilivuka ukuta hadi ukuta, kadi mbichi zikining'inia kwa vibanio vya nguo, na rafuni mihuri ya ndala ilipangwa kama askari wadogo.

Dobi mmoja wa mtaani alikuja mara ya kwanza asubuhi moja ya mvua. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono imechubuka kwa sabuni. Alitaka kadi ya kuzaliwa ya binti yake, anatimiza miaka mitano.

"Niandike nani, mwanangu?"

"Andika Kijino. Ndivyo tunavyomwita. Jino la kwanza liliota peke yake, likakaa muda mrefu bila mwenzake." Akatabasamu. "Nywele anafunga mafundo mawili. Hapendi viatu."

Bi Mihuri hakujaliwa mtoto. Labda ndiyo maana alimchonga yule msichana kwa uangalifu ambao hakuwahi kuupa ua lolote: mafundo mawili, miguu peku, mikono nyuma kama anaficha kitu. Dobi alipoiona kadi aliishika kifuani, akaondoka bila kuaga.

Mwaka uliofuata alirudi. Kijino sasa alikuwa na pengo mbele, alisema, na alikuwa amejifunza kupiga mluzi kupitia hapo. Bi Mihuri akachonga msichana mpya, mrefu kidogo, midomo imechongoka. Mwaka mwingine alikuwa anasoma kila kibao cha duka barabarani. Mwingine alikuwa amekata nywele mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, upande mmoja tu. Kila mwaka msichana mpya, na wale wa zamani wakabaki rafuni, kila mmoja akimpita mwenzake kimo.

"Mlete basi nimwone," Bi Mihuri alikuwa akisema.

"Nitamleta, mama. Leo yuko shule." Au: "Leo yuko kwa bibi yake."

Kila mwaka, mwezi wa kuzaliwa Kijino ulipokaribia, Bi Mihuri alikuwa akinunua utepe mpya bila kuagizwa. Wifi yake alimtania: "Mjukuu wa watu huyo, wewe unamlea kwa mpira wa ndala."

Kisha akaja mwanamume. Alivaa ovaroli yenye madoa ya rangi za kuta, akasimama mlangoni, amevua kofia.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye mwenye kadi?"

"Marahaba, baba. Karibu. Ni ya harusi?"

Alitoa bahasha chini ya kwapa, akazipanga kadi mezani moja moja: peku, mluzi, vibao, nywele zilizokatwa. "Mke wangu ni dobi. Nilikuwa nahamisha kitanda nipake ukuta, nikazikuta chini ya godoro." Akaweka kidole kwenye pengo la msichana. "Mwanangu hakuwahi kung'oka jino hata moja, mama. Homa ilimchukua kabla hajatimiza mitano. Hii ya kwanza kabisa, tulikuwa tumeshamzika."

Wifi, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, alikaa chini polepole.

"Mimi sikujua, baba," Bi Mihuri akasema. "Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Nakuomba tu, akija tena, usimtengenezee." Alikusanya kadi zake. Alipogeuka macho yake yakaangukia rafu, kwa wasichana waliopangwa kwa kimo, akakawia. "Ndivyo angekuwa?" akauliza, kisha akatoka haraka kama mtu aliyechelewa.

Tangu siku hiyo nyumba ikabadilika. Bi Mihuri aligonga kadi ya harusi, akainua mkono, na badala ya ua akakuta msichana anapiga mluzi katikati ya jina la bwana harusi. Mkono ulikuwa umechukua muhuri huo bila yeye kujua. Mchana, dirisha limefungwa, vibanio kwenye kamba viligusana tik, tik, kama mtu anapita chini yake akivichezea. Akaanza kusogeza kiti chake kidogo anapofanya kazi, kumpisha mtu.

Asubuhi moja alikuta alama ya dole gumba la wino kwenye kadi nyeupe. Ilikuwa ndogo mno.

"Ni kidole chako cha mwisho hicho," wifi akasema.

Bi Mihuri akabonyeza kidole chake cha mwisho pembeni yake. Kilikuwa kipana maradufu. Wifi naye akajaribu chake, kisha akaifuta mikono kwenye kanga, na siku hiyo hakutania tena.

Mwezi wenyewe ulipofika dobi akaja. Hakukaa. "Anatimiza tisa," alisema. "Ameanza kuona haya. Akikaribia wageni anajificha nyuma ya mlango."

"Mwanangu," Bi Mihuri akamwambia, "mumeo alikuja."

Dobi akageukia dirishani. Maji ya bomba la kichochoroni yalisikika yakijaza ndoo ya mtu.

"Nyumbani hakui," akasema hatimaye. "Baba yake hataki hata atajwe. Kule amebaki vilevile, mdogo, amelala. Hapa kwako ndipo anapokua, mama. Nikitoka hapa najua amefika wapi."

"Na mimi ananijia," Bi Mihuri akasema. "Simfukuzi. Lakini huyu ninayemchonga simjui. Wewe ndiye unayemjua."

Akamwekea mbele kipande cha soli na wembe. Dobi aliviangalia muda mrefu, kisha akaketi. Alichonga vibaya, akajikata, wifi akamfunga kitambaa, akaendelea. Hakumchonga msichana wa miaka tisa. Alichonga mtoto mdogo aliyelala ubavu, shavu juu ya kiganja. Walipougonga kwenye karatasi sikio lilitokea kubwa kama kikombe.

"Sikio la baba yake hili," dobi akasema. Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, wifi akamshika mabega mpaka kikaisha. Alikwenda na muhuri wake umefungwa kwenye leso, akamwonyeshe mumewe. Hakurudi tena kuagiza.

Bi Mihuri aliwaona dobi na mumewe miezi kadhaa baadaye sokoni, wameshika kapu moja, kila mmoja mkono wake. Walisalimiana vizuri. Mume aliuliza habari za kazi, dobi akauliza habari za wifi. Kijino hakutajwa. Walipoagana Bi Mihuri alisimama palepale, watu wakimpita na mizigo yao. Hakuelewa kwa nini mpaka alipofika nyumbani.

"Nimempoteza mtoto," akamwambia wifi yake.

Wifi hakumwuliza mtoto yupi. Alimvutia kiti, akampa maji, akakaa naye mpaka jua likaondoka dirishani.