Siku Nilipovunja Akidi

Mwaka 2014 redio za kijijini kwetu, upande wa Busunzu, zilijaa mabishano ya katiba: Muungano uwe na serikali mbili au tatu. Kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, watu waliniletea maswali yao. Niliwajibu kwa dhihaka. "Nyumba moja wenye nyumba watatu? Nani atashika ufunguo?" Walicheka, nami nikajiona nimewaelimisha.

Sikuwaambia niliyoyasikia kwa baba. Zamani hapa Buha, mtu wa mwami, yaani mtawala wetu, alitoza kodi na kuamua kesi, lakini ugawaji wa ardhi na baraka ya mbegu vilikuwa vya mteko, mzee wa matambiko ya ardhi. Hakuna aliyeweza kufanya kazi ya mwenzake. Walinuniana mwaka mzima, baba alisema, ila mvua za kwanza zikikaribia walikutana, wapende wasipende, maana bila hivyo hakuna aliyepanda. Baadaye tukahamishiwa vijiji vya ujamaa chini ya chama kimoja, na kikao kikawa mahali pa kuitikia. Vyama vingi viliporudi, wengi wetu hatukujua kumpinga mtu bila kumzuia asifanye lolote.

Mwisho wa mwaka ule wa 2014 tulichagua viongozi wa kijiji. Uenyekiti ulikwenda upinzani, kwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Wajumbe wengi wa halmashauri ya kijiji tulikuwa wa chama tawala, na wenzangu walinifuata mimi. Yeye hakuweza kupitisha jambo bila sisi, wala sisi bila yeye.

Tulikuwa na zahanati iliyokwama kwenye linta, bila paa, kwa matofali tuliyoyachoma wenyewe. Wilaya ilikuwa na mabati na muuguzi kwa kijiji kitakachowahi kupeleka muhtasari wa kikao cha halmashauri yake. Binti wa shemeji, mpwa wangu, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza ilimharibikia njiani kwenda Kibondo, juu ya baiskeli. Kila mjumbe alilijua hilo.

Siku ya kikao nilimtazama shemeji akifungua daftari la mahudhurio, nikawaza kwamba mabati yakifika, watu watamsifu yeye. Nikasimama.

"Mwenyekiti, hatukupewa ajenda mapema."

"Shemeji, ajenda ni paa. Chungulia dirishani, utaona halipo."

"Utaratibu ni utaratibu."

"Basi piga kura ya hapana, iandikwe."

Hapana iliyoandikwa ingebaki na jina langu. Redioni nilikuwa nimewasikia wajumbe wa Bunge la Katiba wakisusa na kutoka ukumbini, nikawalaani. Sasa nikawaiga. Nilitoka, wenzangu wakanifuata, akidi ikavunjika. Mlangoni mama mmoja aliyekuwa anapukuchua mahindi alituangalia.

"He! Wazee mmemaliza upesi hivyo? Mmeshaezeka?"

Tulicheka naye. Mwezi uliofuata tukasusa tena. Kikao cha tatu tulihudhuria wote, tukapitisha bila mabishano, lakini mtendaji wa kijiji alirudi kutoka wilayani na habari kwamba mabati yamekwenda kijiji kingine.

Uchungu ulimkuta mpwa wangu asubuhi, barabara ikiwa tope. Tulimbeba kwa machela, shemeji mbele, mimi nyuma. Hakuniambia neno njia nzima, ila "badilisha bega." Alijifungua kabla hatujafika. Mtoto alilia mara moja tu.

Baada ya msiba nilikwenda kwao. Nikamweleza shemeji, mbele ya mkewe na bintiye, kwamba sikususa kwa sababu ya ajenda. Nilisusa ili asisifiwe. Alisema, "Nilijua," akaingia ndani.

Mpwa wangu alibaki akichambua maharage.

"Mjomba, wewe ndiye uliyekuwa unawaelezea watu mambo ya serikali. Nieleze na mimi. Mlikuwa mnabishania nini?"

Nilianza na akidi. Nikaingia kwenye wajumbe wengi na mwenyekiti mmoja, nikarudi hadi kwa mwami na mteko. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Alisikiliza mpaka mwisho, akiokota mawe kwenye maharage na kuyatupa uani.

"Basi hamkuwa mnabishania zahanati," alisema.

"Hapana, hatukuwa."

Akanyanyua ungo, akaenda jikoni.