Twiga wa Kwenye Kona

Harufu ya matope meusi yaliyochanganyika na mafuta ya viwanda hunishusha moyo hadi leo. Ndiyo iliyotuamsha kila alfajiri kule mtaani Mukuru kwa Njenga, msimu ule wa mvua za El Niño. Barabara kuu ya kwenda viwandani ilipita bondeni, na kando yake palikuwa na mtaro wa kumzamisha mtu mzima. Mvua ikinyesha, barabara na mtaro vilikuwa maji ya rangi moja. Mama alipita hapo kila siku kwenda kiwanda cha sabuni, nami nilibaki mlangoni nikiogopa kwamba hatarudi.

Wanawake wa ploti yetu walizoea kuchomeka vijiti ukingoni kuonyesha barabara ilipoishia. Lakini makaa yalikuwa yamelowa na watoto wana njaa, basi vijiti viling'olewa vikawa kuni. Baba, mchongaji aliyekuja mjini na tezo yake kutoka Ukambani, alikasirika. "Nitaweka kitu ambacho mtu ataona haya kukichoma," alisema. Akawachukua twiga wake warefu wa mti, waliokosa wanunuzi kwa sababu ya mvua hizo hizo, akawasimika kando ya mtaro. Watu wakawa wanapita salama wakifuata shingo zao. "Mume wangu ameniwekea mbuga njiani," Mama alimwambia Mama Akinyi, jirani aliyefanya naye kazi, wakacheka. Baba alijivuna waziwazi, akisema chema chajiuza. Hakujua methali hiyo ingetugeuka.

Hakuna aliyemchoma twiga. Yuko aliyempenda. Alimng'oa yule wa kwenye kona, mahali mtaro ulipojipinda, akaenda naye anakojua mwenyewe. Alfajiri iliyofuata Mama alimwona twiga wa mbele akamwendea moja kwa moja, kama alivyozoea, kumbe katikati yao ni mtaro. Mama Akinyi alirudi kwetu mbio, leso ya Mama mkononi. "Baba Mwende, nilimshika," alisema. "Nilimshika hii leso, ikatoka." Walimpata jioni, kule chini karibu na daraja. Nilimchukia mwizi yule, lakini zaidi niliuchukia ufundi wa baba yangu. Naye tangu siku hiyo hakumchonga twiga mwingine.

Siku hizi barabara imeinuliwa, ina lami na taa, na kwenye kona ile waliweka kingo za chuma. Juzi nilipita nikakuta kingo zimeng'olewa, zimeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Yamebaki mashimo ya nguzo, na watoto wa shule wanapita hapo hapo. Kutoka hapo nilikwenda Machakos kumwona Baba. Ni mzee sasa, macho yamefifia.

"Mwende, pale kwenye kona wameweka nini siku hizi?" aliniuliza, kama anavyoniuliza kila mara.

"Chuma, Baba."

Alitikisa kichwa, ameridhika. "Afadhali chuma. Hakina uzuri, hakuna atakayekitamani."

Nikamwongezea chai.