Msimu wangu wa kwanza wa basketi ya kulipwa hapa Kisangani: kimo kifupi, benchi ndefu

Wakuu, habari za jioni.

Leo nimeona niwaletee la kwangu. Ninayoandika hapa yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na kama kuna Mboyomais humu ndani aliyekuwa uwanjani siku ile, anisahihishe. (Mboyomais ni mtu wa Kisangani, kwa ambao hawajui.) Ndugu zangu wa Bongo, Kiswahili chetu mtakivumilia.

Twende.

Mimi ni gadi, yaani yule anayepandisha mpira. Sisi huku tunamwita meneur, Kifaransa hicho. Na ni mfupi. Sio mfupi wa basketi, mfupi kabisa, hata kwenye foleni ya mkate huwa sionekani.

Nimelelewa na tonton wangu, Tonton Yusufu, mdogo wa marehemu baba. Sisi ni familia ya Waislamu wa zamani wa mji huu, biashara kwetu ni kama sala, haikosi mtu. Tonton ana depo Bafwasende, anapeleka chumvi, sabuni na mafuta, na alikuwa anataka niende kuishika. Njia ile mnaisikia tu. Lori linaweza kulala kwenye tope mpaka dereva akafanya urafiki na kijiji kizima.

Sasa timu moja ya hapa iliyopanda ligi ya kulipwa ikanichukua. Tonton hakunikatalia. Alisema hivi:

"Bon. Ninakupa saison moja. Kama inaisha na uko tu unakaa pale pembeni, unapanda gari unaenda Bafwasende. Tumesikilizana?"

Msimu mmoja. Nikasema ndiyo, papa. Kwa roho safi kabisa. Nilijua nitafunga mpaka wanikome.

Wakuu, kuna jambo lazima niwaeleze hapa, msipolielewa hili hamtaelewa kilichonipata.

Mashindano yetu ya mitaa hapa Kisangani ni sherehe. Ukichezea mpira, ukaupitisha katikati ya miguu, ukamwacha mtu anaangalia angani, watazamaji wanaingia uwanjani kukutunza. Wanakubandika noti kwenye paji la uso, pale penye jasho, kama mwanamuziki. Mchezo unasimama kidogo, watu wanacheza ngoma, refa naye anacheka, mnaendelea. Nimekulia humo. Kwangu mimi gadi mzuri alikuwa yule anayeondoka na noti usoni.

Mechi yetu ya pili ya ligi, meneur wetu wa kwanza akapata faulo nyingi mapema. Huyu alitoka Kinshasa, anaitwa Trésor, mrefu, mfungaji, bei yake peke yake sawa na sisi wote. Kocha akaniingiza mimi.

Nikafanya nilichokijua. Katikati ya miguu, nyuma ya mgongo, mtu akateleza. Uwanja ukalipuka! Raha niliyoisikia siwezi kuwadanganya.

Basi jirani yetu mmoja, muuza makemba, ndizi za kupika, pale soko kuu, mwanamke mwenye moyo mkubwa na mwili wa kuutosha moyo huo, akashuka jukwaani. Mpira uko mkononi mwangu, saa inatembea, na yeye anakuja na noti yake juu, kiuno kinazunguka. "Mutoto yetu! Mutoto yetu!" Pap, kwenye paji la uso.

Refa wa ligi alitumwa kutoka mbali. Hakucheka. Filimbi, faulo ya kiufundi, mpira kwa wenzetu. Mama wa watu anamuuliza refa, "Kosa yangu ni nini? Sijamupiga mutu!"

Kocha akanitoa. Hakunigombeza hata kidogo. Alisema tu, "Huku si mtaani." Na kuanzia siku hiyo akanisahau. Mechi baada ya mechi, jezi yangu inarudi nyumbani kavu, dada yangu ananiuliza kama kweli niifue.

Mnacheka? Chekeni. Mimi wakati ule nilikuwa nalia ndani kwa ndani. Nilikuwa naona aibu kupita sokoni.

Sasa, mchezaji wa benchi ana kazi gani? Mazoezini anavaa chasuble, kile kizibao cha rangi, anakuwa adui. Kila alasiri kikosi cha kwanza kinacheza na sisi wa vizibao, na mimi nilipewa kumkaba Trésor. Tunacheza jua likiwa kali, maana kutegemea taa huku ni kujitafutia presha. Hakuna mtazamaji, hakuna kelele, mbuzi mmoja wa parokia ya jirani tu.

Nilimkaba kwa hasira, nakiri. Sio kwa akili. Nilikuwa nasema moyoni, kama sichezi, basi na wewe hutalala vizuri. Nikawa namchukua tangu mwisho wa uwanja wetu mpaka mwisho wa pili. Akigeuka, nipo. Akirudi, nipo. Waswahili wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi Mungu aliniumba nikiwa tayari nimeinama nusu.

Hasira haidumu, wakuu. Baada ya muda ikaisha, kikabaki kitu kingine. Nikaanza kuona.

Nikaona kabla ya kwenda kulia bega lake la kushoto linashuka kidogo. Nikaona akichoka anadunda mpira juu zaidi. Nikaona kwamba kumnyang'anya sio lazima, ukimlazimisha kugeuka tu mara nyingi, mwenyewe anautoa mpira mapema ili apumzike. Nikaacha kutumia mikono. Miguu tu. Nikawa nafika nyumbani nimechoka vibaya na sijui kwa nini nina furaha.

Trésor alikuwa hanisemeshi. Neno lake kwangu lilikuwa moja, "Tika nga, petit!" Niache, mdogo. Nilidhani ananidharau.

Ikaja mechi ya mwisho ya nyumbani, na timu ya Lubumbashi. Tukishinda, tunakwenda hatua ya mwisho Kinshasa. Tukishindwa, msimu umeisha, na mimi na chumvi na sabuni njia moja.

Tonton Yusufu alikuja. Mara yake ya kwanza katika maisha kuangalia basketi. Alikaa na kofia yake kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake.

Kipindi cha kwanza meneur wa Lubumbashi alituchinja. Kijana mwembamba, mkono mtamu, anafunga huku anazungumza. Trésor alimfuata akachoka, na kufunga kwetu kukafa. Mapumziko tukasimama kwenye kivuli cha ukuta, vichwa chini. Kocha anachora, hakuna anayesikia.

Hapo Trésor akatupa chupa yake ya maji, akanionyesha kidole mbele ya wote.

"Coach, moto oyo alembisaka nga mikolo nyonso. Tia ye."

Yaani, kocha, huyu mtu ananichosha kila siku, mweke yeye.

Wakuu, fikirieni. Mtu niliyekuwa nakaa benchi kwa sababu yake! Miezi yote ile ya vizibao nilidhani hakuna aliyekuwa ananiona, kumbe aliyekuwa ananiona ni yule mmoja niliyekuwa namsumbua.

Kocha akaniangalia kama kitu alichokisahau chini ya kitanda. "Ingia. Usitafute panier, mambo ya kufunga acha. Weye na yeye tu."

Nikaingia. Kila nilipopata mpira nilimpa Trésor hapo hapo. Jukwaani wakaanza kuzomea, "Chezesha! Chezesha!" wakitaka yale madoido ya mtaani. Nikaziba masikio. Yule wa Lubumbashi akipokea, nipo. Anageuka, nipo. Mwanzo alinicheka, akaniita kifupi. Kisha akaacha kuzungumza. Mwisho akawa anautoa mpira kabla sijamfikia, na jua la kwetu likamaliza kazi iliyobaki.

Trésor, sasa miguu imepumzika, akafunga alivyotaka. Tukashinda kwa kidogo, lakini tukashinda.

Watu wakambeba Trésor, na ni haki yake. Mimi nilikaa kufungua viatu. Sikuwa nimefunga hata pointi moja. Nikamwona tonton anakuja polepole, nikasimama. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, ya kumweleza defense ni nini.

Hakunipa nafasi.

"Sijaona unatia mupira mule ndani hata mara moja," akasema.

"Ni kweli, papa."

"Lakini ule mutoto wa Lubumbashi, kila mara alikuwa anakuangalia kwanza weye, kiisha anaangalia mupira." Akapangusa kofia yake. "Donc gari itaenda. Nitatafuta mutu mwengine wa Bafwasende."

Akanishika begani, akaondoka kuwahi sala ya magharibi. Nikakaa tena chini, na viatu vikanishinda kufungua kwa sababu nilikuwa sioni vizuri.

Kinshasa tulitolewa mapema, sitawaficha. Ila nimesaini tena. Watu wa mtaani bado wananiuliza kwa nini siku hizi sichezei mpira kama zamani, nami nawaambia uzee.

Nilichojifunza: kazi niliyoipenda sio niliyopewa, na niliyopewa nimeipenda nikiwa tayari naifanya, bila hata kujua kwamba ndiyo kazi. Sijui kama hilo ni funzo la kila mtu. Kwangu limekuwa.

Sasa semeni na nyie, ofisini, dukani, hata bodaboda. Nani alikuona wakati ulipodhani huonekani? Na je, ulishawahi kumwambia asante? Mimi Trésor sijamwambia. Kesho alasiri tuna mazoezi, na kama kawaida nitamkaba.